Mama Anasema Nini?

Kaeni, wapendwa, kaeni. Ninyi mliobanana mlangoni ingieni ndani kabisa. Mvua ya huku mnaijua, haina haya, na mahubiri hayajawahi kumuua mtu. Mama Atupele, sogea kidogo umpe mwenzio nafasi. Asante.

Leo nawapeleka mahali ambapo sisi wachungaji huwa tunasema hatuendi. Nawapeleka kwenye banda la video. Naona wazee wa kanisa wameshaanza kukunja nyuso. Tulieni, wazee wangu. Kabla sijavaa kola hii nilikuwa kijana, na nimekaa kwenye yale mabenchi mpaka msumari ukanichania suruali. Mama yangu aliponiuliza nimechanikia wapi, nikamjibu kwenye maombi ya vijana. Mungu alishanisamehe hilo, nyinyi ndio sijui.

Basi kulikuwa na mtafsiri mmoja wa sinema. Huu ni mfano, jamani, msianze kuzungusha shingo mkitafuta ni mtoto wa nani. Mtafsiri huyu alikuwa na banda lake la mabati katika mji mdogo wa mlimani, mji wa mvua kama huu wetu. Ndani mlikuwa na runinga moja juu ya meza, mabenchi tisa, na jenereta ikinguruma nje kwenye kibanda chake.

Kwa ajili ya watoto, nieleze kazi yenyewe. Mkanda unatoka nchi za mbali, watu wake wanasema lugha yao, na chini yanapita maandishi ya Kiingereza mbio mbio. Watu bandani hawajui lugha ile, na yale maandishi yamekwisha kupita kabla hawajasoma neno la pili. Sasa mtafsiri anapunguza sauti ya runinga, anashika maiki, anakaa kando, na anasema kwa niaba ya wote. Bibi kizee akisema, ni yeye. Jambazi akitukana, ni yeye. Mtoto akilia, ni yeye. Hata mbwa akibweka, huyu bwana alimtafsiri, na watu waligaragara kwa kucheka.

Alikuwa na kipaji kutoka kwa Mungu. Lakini nawaomba mshike jambo moja, maana tutalirudia. Watu wale walimwona stelingi, yaani mhusika mkuu wa mkanda, anafungua kinywa, na sauti waliyoisikia ilikuwa ya mtafsiri. Waliamini sauti. Mnanielewa?

Katika mikanda yote, mmoja ulipendwa kuliko mingine. Haukuwa wa vita. Ulikuwa mkanda wa familia. Kuna mzee mmoja msusi wa vikapu vya mianzi, ana watoto wawili wa kiume. Mkubwa anagombana na baba yake, na kwa hasira anachoma ghala. Hakujua kwamba mdogo wake amelala humo ndani. Mdogo anafariki. Mkubwa anafungwa miaka mingi, na mzee anabaki peke yake na kisu chake, kila asubuhi anakinoa kwenye jiwe la mlangoni.

Mwisho wa mkanda kijana anatoka kifungoni. Anakuja kwa miguu, na mgongoni amebeba mzigo mkubwa uliofungwa kwa kamba kifuani, mpaka amepinda. Anafika mlangoni kwa baba yake, anapiga magoti na ule mzigo. Mzee anatoka na kisu mkononi. Anasema maneno mengi, midomo inamtetemeka. Hapo ndipo mtafsiri alipokuwa anasimama, anakwaruza sauti, na banda zima linasema pamoja naye, maana walishayakariri maneno: "Umekuja mwenyewe, mimi sikukuita! Kisu hiki nimekinoa kwa ajili yako!" Mzee anainua kisu. Na hapo hapo, pa! Mtafsiri anazima runinga. Skrini nyeusi. Halafu anamalizia kwa mdomo: "Na mzee akashusha kisu, na damu ya mdogo mtu ikalipwa!"

Banda linalipuka. Watu wanapiga mabati kwa ngumi. Miaka kumi na moja mkanda ule ulionyeshwa, na katika mji mzima hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuuona mwisho wake. Walipouliza mbona unazima, aliwajibu, "Kinachofuata hakifai machoni pa watoto." Wakamsifu kwa maadili.

Kwa nini alizima? Ngojeni kwanza.

Mtafsiri huyu naye alikuwa na mdogo wake. Baba yao alipofariki waligombania shamba la migomba, ugomvi wa mpaka tu, mnaoujua wote humu, hata mnaotazama chini sasa hivi. Siku moja shambani mdogo alishika mpini wa jembe akaurusha kumpiga kaka yake kwa nguvu zake zote. Mama yao alikimbia akaingia katikati. Mpini ukampata mama hapa, juu ya sikio.

Mama alilala wiki tatu hospitali. Alipoamka hasikii tena, na ulimi wake haukurudi. Mdogo mtu alikimbia mji. Kaka akauokota ule mpini wenye damu ya mama, akautundika ukutani bandani, juu ya runinga, akaapa mbele za watu: "Akikanyaga hapa, namrudishia kwa huu huu." Nani angemlaumu? Wewe ungemlaumu? Mama yako mzazi, aliyekuwa anaimba alto kanisani, sasa anafungua kinywa inatoka pumzi tu. Mimi simlaumu kwa kulia kwake.

Mama yule akawa anasema kwa mikono. Si lugha ya alama ya shuleni, la, ni alama za nyumbani, za jikoni. Na aliyezijua vizuri ni mmoja tu, huyu mwanawe mkubwa aliyekuwa akimtunza. Kwa hiyo mtu yeyote akitaka kusema na mama, anapitia kwa mwanawe. Mama ananyoosha mikono, mtafsiri anasema. Mmeona sasa? Mtu huyu alikuwa na kazi mbili, na zote mbili zilikuwa kazi moja.

Basi ikatokea Jumamosi moja, saa nane mchana, mvua ikaanguka. Mama alikuwa amekuja kumletea mwanawe bakuli la ndizi, kama kila siku. Kwa kawaida alikuwa analiweka kwenye kidirisha na kurudi zake, maana mtu asiyesikia atafanya nini kwenye banda la maneno? Lakini siku hiyo njia iligeuka mto. Akaingia, akakaa benchi la nyuma, na kanga yake inadondosha maji. Karibu yake alikaa baba mdogo wao, yaani shemeji yake yule mama, mzee mwenye kikohozi ambaye naye alikimbilia mvua. Alikuwa hajawahi kuingia humo maisha yake yote.

Mkanda ukawa ni ule ule. Watu walishauomba.

Wapendwa, mtazameni mama huyu. Watu wote bandani wanasikiliza. Yeye peke yake anatazama. Wao wanaambiwa mzee ananoa kisu cha kisasi. Yeye anaona mzee ananoa kisu, halafu anachana mianzi, anasuka kikapu, anakitundika. Wao wanaambiwa mzee analaani. Yeye anaona mzee anaweka mabakuli mawili mezani kila jioni, na moja haliliwi. Miaka yote ile watu walitazama bakuli lile la pili, na hakuna aliyeliona.

Kijana alipotokea na mzigo wake, mama akasimama. Akaanza kusogea mbele, polepole, anashika mabega ya watu gizani, mpaka akafika mbele ya runinga kabisa, kati ya uso wake na uso wa yule mzee ukabaki umbali wa mkono mmoja tu. Banda linaunguruma, "Umekuja mwenyewe, mimi sikukuita!" Mama analia machozi yanamiminika. Mzee akainua kisu. Mtafsiri akanyoosha mkono azime.

Akamkuta mama yake amesimama mbele ya swichi.

Afanye nini? Amsukume mama yake mbele za watu? Alimshika bega, akamfanyia ishara apishe. Mama hakumwona, macho yake yako kwenye picha. Na picha ikaendelea, wapendwa. Kwa mara ya kwanza katika mji ule picha ikaendelea, na maiki iko kimya.

Yule mzee akashusha kisu. Akakata kamba ya mzigo.

Hicho tu. Mikono ya kijana ilikuwa imekufa ganzi, hawezi kufungua fundo mwenyewe, basi baba yake akaikata ile kamba na mzigo ukaanguka chini kwa nyuma. Mzee akaweka kiganja chake kwenye bega la mwanawe, pale kamba ilipoacha kidonda, akakishusha mkononi taratibu mpaka kwenye vidole, akamshika, akamwinua, wakaingia ndani kwenye yale mabakuli mawili. Mlango ukafungwa. Ukaisha.

Mvua juu ya mabati ndiyo iliyokuwa inasema. Nawaona watu wale, vijana wenye vifua, wamekaa midomo wazi, wameshangilia kifo miaka kumi na moja na kumbe hakuna aliyekufa.

Mama akageuka, akawatazama watu. Akaweka kiganja chake begani kwake, akakishusha taratibu mpaka kwenye vidole. Halafu tena. Alikuwa anacheka na analia, anaonyesha runinga, anajionyesha yeye, na kiganja begani, kinashuka.

Ndipo kule nyuma baba mdogo akasimama. Akasema, "Hebu subirini. Mkono huo mimi naujua."

Mtafsiri akasema, "Baba mdogo, kaa. Mama amechoka, tunafunga."

"Sikai. Mwaka ule wa kwanza nilikuja kwako na jogoo mkononi, nimetumwa na mdogo wako, nimwombee radhi kwa mama yake. Shemeji alinifanyia mkono huu huu. Kiganja begani, kikashuka. Nikakuuliza, mama anasema nini? Wewe ukaniambia nini, mwanangu?"

Mtafsiri akaanza kukunja waya wa maiki.

"Nakuuliza mbele ya watu hawa. Uliniambia nini?"

Mtafsiri, bwana mwenye sauti arobaini, alijibu kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia. "Nilikuambia mama amesema hataki kumwona mpaka azikwe."

"Na mkono ule maana yake ni nini?"

Kila mtu aliyewahi kula nyumbani kwa mama yule alikuwa akiijua, kama angejisumbua kufikiri. Ndiyo ishara aliyomfanyia kila aliyeingia kwake na kuni kichwani au ndoo ya maji. Mtafsiri akasema, "Maana yake, tua mzigo."

Sasa mnajua kwa nini alizima. Siku ya kwanza alipoutazama mkanda ule peke yake, aliona kiganja cha mzee kinashuka begani mwa mwanawe, na akakiona kiganja cha mama yake. Akazima. Kisha akaizima ishara ile kila mahali ilipotokea, bandani na nyumbani. Wajumbe walikuja mara nne kwa miaka ile. Mara nne mama alinyoosha kiganja chake cha kusamehe, na mara nne mwanawe akakitafsiri kuwa kisu.

Na baba mdogo yule, na wajumbe wale, walikuwa na macho. Waliuona mkono kwa macho yao. Ila kulikuwa na mtu anayesema, na penye mtu anayesema sisi huwa tunaacha kutazama.

Mama hakusikia hata neno la mashtaka yale. Lakini alitazama uso wa mwanawe, akamtazama na shemeji yake, akaelewa. Nadhani alielewa yote. Alipanda kwenye benchi, mwanamke wa miaka sabini, akautoa ule mpini ukutani. Watu wa mbele wakarudi nyuma. Wakadhani sasa anampiga. Mama akashuka, akausimamisha mpini sakafuni, akauegemea kama mkongojo, akatoka nao kwenye mvua. Anaenda stendi. Miaka kumi na moja mpini ule umesubiri kazi, na kazi yake ikawa kumshika bibi kizee asiteleze akienda kumtafuta mwanawe.

Baba mdogo alijua mahali alipo yule mdogo mtu. Alikuwa mji wa pili kutoka hapo, anapakia ndizi kwenye malori. Asubuhi yake wakafika sokoni watatu, mama, baba mdogo, na mtafsiri akiwa nyuma kabisa kama mtu anayepelekwa polisi. Na mdogo mtu alikuwa anatoka ghalani na mikungu miwili mabegani, amepinda kama yule kijana wa kwenye mkanda.

Akainua macho. Akamwona mama yake. Akauona na mpini.

Wewe ungefikiri nini? Umekimbia miaka kumi na moja, umeambiwa mama yako hataki kukuona mpaka azikwe, na leo anakuja mwenyewe na mpini uliompigia. Kijana yule alipiga magoti kwenye matope na ndizi zake mabegani. Akasema, "Kaka, nimechoka kukimbia. Kama ni leo, basi iwe leo. Ila mama mwambie ageuke asione."

Mama akauachia mpini ukaanguka matopeni, maana alihitaji mikono yake. Akamsogelea mwanawe, akatafuta bega lake chini ya ile mikungu, akaweka kiganja, akakishusha.

Kijana akatazama kile kiganja. Hakukielewa, yeye alikimbia kabla mama hajaanza kusema kwa mikono. Akamtazama kaka yake akauliza, "Kaka, mama anasema nini?"

Wapendwa, nikizima hapa mtanipiga. Lakini kaeni hapo kidogo. Makuli wamesimama na mizigo yao. Dereva amezima injini. Mtafsiri amefungua kinywa. Amewahi kuwa bibi, amewahi kuwa mfalme, amewahi kuwa mbwa. Sasa anatakiwa kuwa mama yake, mara moja tu, kwa ukweli. Na akimsema mama kwa ukweli, lazima ajitaje yeye mwenyewe.

"Mama anasema, tua mzigo."

Kijana akaangusha ndizi. Akaishika miguu ya mama yake. Akalia kilio ambacho watu wa soko lile hawakuwahi kukisikia kwa mwanaume. Kisha akainua kichwa. "Amenisamehe lini?"

"Wiki ile aliyotoka hospitali."

"Wiki gani?"

"Wiki ile ile ya kwanza, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekataa. Mama hajawahi kukataa."

Amina? Mama yangu, hiyo amina yako imekuja mapema. Ngoja. Kwa sababu sasa mambo yamegeuka. Aliyekuwa na deni la damu amesamehewa, na aliyekuwa hakimu ndiye mwenye kosa. Miaka kumi na moja ya mtu imeibwa. Kijana amezikosa sikukuu zote, amekosa kumzika shangazi yake, ameoa bila mama yake kuwepo, ana watoto wawili wasiomjua bibi yao. Akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akautazama mpini pale matopeni, akainama, akauokota. Kaka yake hakurudi nyuma hata hatua moja. Alifumba macho tu.

Ndipo mama, ambaye hakusikia lolote, akafanya jambo ambalo mimi nimelihubiri miaka thelathini na bado sijalizoea. Alimwendea yule mkubwa, yule mwongo wake, yule aliyemtunza kwa mkono mmoja na kumziba kinywa kwa mkono wa pili. Akaweka kiganja begani kwake. Akakishusha taratibu, mpaka kwenye vidole.

Safari hii hakuna aliyetafsiri.

Mdogo mtu akakitazama kile kiganja muda mrefu. Mkono wake umeukaza mpini mpaka mishipa imesimama. Halafu akaufuta matope kwa shati lake, juu mpaka chini, akampelekea mama yake, akasema kwa mdomo, akisahau kwamba hasikii, "Mama, shika fimbo yako. Hapa panateleza."

Haya.

Sasa tuzungumze sisi kwa sisi. Aliyepigwa alikuwa mama. Msamaha ulikuwa wake, autoe au auzuie, na hakuna binadamu aliyekuwa na ruhusa ya kuutoa kwa niaba yake. Hilo nalisema wazi, maana wapo humu waliopigwa, na sitaki mtu atoke hapa akamlazimishe mwenzake kusamehe kwa kuwa mchungaji amesimulia hadithi. Lakini kama hakuna aliyeruhusiwa kusamehe kwa niaba yake, ni nani aliyeruhusiwa kukataa kwa niaba yake? Tunabeba visasi vya watu ambao hawajatutuma. Unamnunia shangazi yako kwa ajili ya jambo alilomfanyia baba yako, na baba yako walishakunywa naye chai. Unasema, "Marehemu aliagiza fulani asikanyage kaburini kwake." Kweli aliagiza? Au ulikuwa peke yako kitandani pale, na maiki ulikuwa umeishika wewe?

Na sisi wa kanisani ndio wabaya zaidi, maana tunamtafsiri Mungu. Mkono wa Mungu tunauona. Tunauona kwenye mvua hii inayonyesha kwa jirani yako unayemchukia, na kwenye migomba yake inayozaa kuliko yako. Tunauona uso wake unavyotulilia. Halafu tunashika maiki, tunakwaruza sauti, tunasema, "Bwana amekasirika na mtu yule." Ile sala tunayofungia ibada, tukifika pale pa kusameheana huwa nasikia sauti zenu zinashuka, mnapita haraka kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa. Pale ndipo tunapozima mkanda. Na watoto wetu wanakua bila kuuona mwisho wa mkanda, wanadhani Mungu ni mzee mwenye kisu.

Nami nisijifiche. Zamani kijana mmoja alinifuata ofisini akaniuliza kama Mungu bado anamtaka. Nikamwambia aondoke, Mungu ameshachoka naye. Sikuwa nimemuuliza Mungu. Niliyechoka nilikuwa mimi. Wiki iliyopita nimepata mahali anapoishi, na kesho asubuhi napanda basi. Niombeeni, maana sijui atakachookota chini atakaponiona.

Basi. Nilitaka nimalizie kwa kuwaeleza Mungu anamwambia nini kila mmoja wenu, lakini leo naogopa. Nimekuwa mtafsiri wenu muda mrefu, na ninyi mmezoea kusikiliza. Kuna mtu amekaa benchi moja na wewe, amepinda. Mkono umenyooshwa mbele yenu, uko wazi kabisa. Mimi naweka maiki chini. Tazameni wenyewe.